Aliyepoteza mtoto naye apikiwe uji wa uzazi: wanawake wa Amu na pwani nzima, njooni tuzungumze

MwanaLangoni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum dada zangu, na kaka zetu mnaopita humu.

Hapa Amu (Lamu) mwanamke akijifungua salama, jiko la kwao halizimiki. Mamake yupo, shangazi zake wapo, jirani wa ukuta kwa ukuta yupo. Asubuhi uji wa pilipilimanga, mchana wali na supu ya kuku wa kienyeji, usiku samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Yuko wa kumkanda, yuko wa kumfunga mkaja, yuko wa kufukiza nguo za mtoto. Hadi arobaini itoke, mzazi hajui ndoo ya maji iko wapi. Hilo twalijua na twajivunia, na ni haki yetu kujivunia.

Mimi nataka kumzungumzia yule mwengine. Yule aliyekwenda hospitali na tumbo, akarudi hana tumbo wala mtoto. Au yule ambaye mimba imemtoka miezi minne, hata mtaa haujajua kama alikuwa nayo. Huyu twampokeaje? Wanawake huja siku ya kwanza, humwambia "Mungu atakupa mwengine," hunywa kahawa, huondoka. Siku ya tatu yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, maana watoto warudi skuli na mume arudi baharini, nao wataka kula. Damu ingali yamtoka. Maziwa yamemjaa na hayana wa kuyanyonya.

Nasema hivi na sitachoka kusema: mwili uliozaa ni mwili uliozaa. Nyonga zimefunguka vile vile, damu imepotea vile vile, mgongo unauma vile vile. Kisichokuwepo ni mtoto, na mtoto ndiye humfanya mama asahau maumivu. Sasa mwenye mtoto twampikia siku arobaini, aliyerudi mikono mitupu twampa maneno. Kati ya hao wawili nani alihitaji sufuria zaidi?

Kikundi chetu kilianza kama vikundi vingi: mchezo wa pesa, kila mwezi anapokea mmoja. Kisha mwenzetu akafiwa na mtoto tumboni karibu na siku zake za kujifungua, tukakubaliana apikiwe kama mzazi, pasipunguzwe kitu. Tangu hapo imekuwa kanuni yetu kwa kila mwanamke wa mtaa, awe mwanachama asiwe mwanachama. Mwenye zamu huenda mwenyewe, hatumi mtoto na bakuli. Hupika kwenye jiko la yule dada, nyumba ipate harufu ya chakula. Huketi akala naye sinia moja, maana mwenye huzuni ukimwachia chakula chini ya kawa, jioni utakikuta vile vile. Hamuulizi lililotokea, akitaka kusema atasema. Akimaliza huosha vyombo, hujaza maji, huenda zake. Michango ya pesa twatoa, lakini haimwondolei mtu zamu. Siku hizi watu wakisikia msiba hutuma pesa kwa simu wakaona wametimiza. Pesa haimkandi mtu mgongo.

Na uji wenyewe, kwa wasioujua. Mchele uroweke usiku, asubuhi uutwange kwenye kinu ubaki chengachenga. Nazi mbili zilizokomaa: tui la kwanza liweke kando, chicha uikamue tena kwa maji ya uvuguvugu upate tui la pili. Chenga ziive ndani ya hilo tui la pili, moto mdogo, mwiko usitoke mkononi. Pilipilimanga itwangwe papo hapo, ile ya kopo ukali wake umeshakwisha. Tia iliki, kijiti cha mdalasini, tangawizi mbichi, chumvi chembe, sukari ya kiasi. Tui zito liingie mwisho, na kabla ya kulitia upunguze makaa kwenye seredani, ukoroge upande mmoja bila kusita. Likichemka kwa nguvu litakatika na mafuta yataelea juu. Uji ukigandama nyuma ya mwiko, umekuwa. Mpe ungali moto.

Kwenu mwafanyaje? Na wale mliopitia, ni nini kiliwasaidia?

BintiShela

Dada, nimesoma nikasimama katikati nikalia, kisha nikaendelea.

Wangu alikuwa wa miezi minane. Hospitali (siitaji) walinilaza chumba kimoja na waliojifungua. Usiku kucha nasikia watoto wa wenzangu wanalia, na kila kikilia kimoja kifua changu kinatoka maziwa. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, vitanda havikuwepo. Lakini mpaka leo nikisikia kilio cha kichanga usiku, mwili unakumbuka kabla ya akili.

Nyumbani mamangu mkwe alikuwa mgonjwa, mamangu mzazi yuko Kizingitini, na bahari ilikuwa ya kusi, mashua haziendi ovyo. Aliyeniokoa ni jirani ambaye hata hatukuwa marafiki sana. Aliingia, akavua buibui, akauliza mbuzi iko wapi. Basi. Nikamsikia anakuna nazi huko nyuma, kisha harufu ya iliki ikaja, na tumbo langu likanguruma. Niliona aibu kusikia njaa wakati mtoto wangu yuko mchangani. Yeye akanimegea mkate, akauchovya kwenye mchuzi, akanilisha kwa mkono wake kama mtoto mdogo. Hakusema Mungu atanipa mwengine. Alisema "kula, mamangu," akarudia mpaka sinia likaisha.

Ndiyo maana naunga mkono hiyo kanuni ya kwenda mwenyewe. Chakula kilicholetwa na watoto nilikuwa nakimwaga.

Nyota_ya_Wiyoni

Nafuatilia. Allah awajaze kheri.

BiMkubwa_Mkomani

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nisikizeni kidogo.

Wazee hawakunyamaza kwa ugumu wa moyo. Walinyamaza kwa sababu waliona ukilitaja jambo unalifanya kidonda. Tena siri ya nyumba ilikuwa na thamani. Si kila kilichotokea kwa mtu kilisomwa barazani. Kwa hivyo hili la kupika nalikubali, lakini kama mtapika huku mwatangaza, mtakuwa mmemvua nguo mwenzenu.

La pili, msidhani ni jambo jipya mlilolianzisha nyinyi. Mwajua nyumba zetu za mawe zilivyojengwa. Ukitoka kiwanda (ua wa nyumba) wapita misana (kumbi zake), wafika ndani, kisha nyuma kabisa kuna nyumba ya kati. Chumba hicho kilikuwa cha kuzalia, na ndicho cha kuoshea maiti. Mahali pamoja. Wanawake walioingia humo kumpokea mtoto ndio hao hao walioingia kumwosha marehemu. Walijua kazi zote mbili, na hawakuogopa kutoka kwenye moja kuingia nyingine. Nyinyi mmegawa: wa furaha mwamwendea na vileja, wa huzuni mwamkimbia kama ana maradhi. Hayo mmeyatoa wapi?

Mimi kinu changu kingali kizima, cha mti mzuri. Anayekitaka kwa kazi hii aje.

MwanaLangoni

Bi Mkubwa, shikamoo. Maneno yako kuhusu siri nimeyachukua. Sisi hatutangazi, anajua mwenye zamu na mtu mmoja wa karibu wa yule dada, basi. Wala jina halitajwi kwenye kundi la simu, twasema tu "nyumba fulani ina zamu." Na hilo la nyumba ya kati sote tumepita kwenye vyumba hivyo tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kutufunulia maana yake hivyo.

NesiWaZamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, kaunti hii hii. Nashukuru kwa uzi huu, na nataka kuongeza mambo ambayo mwenye zamu ya jikoni anaweza kuyaona kabla yetu sisi wa hospitali, kwa sababu yeye ndiye yuko pale nyumbani.

Kwanza damu. Aliyejifungua, hata kama mtoto hakuishi, akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, na saa inayofuata tena, msisubiri asubuhi. Boti usiku ni shida najua, lakini hilo ndilo la kuamshana. Homa, au uchafu wenye harufu mbaya, hali kadhalika. Kichwa kinachogonga vikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: hiyo inaweza kuwa presha ya uzazi, na wengi hawajui kwamba huweza kumpata mtu hata wiki sita baada ya kujifungua. Msimpe panadol mkamwambia alale.

Maziwa kujaa baada ya kupoteza mimba ni kawaida, hata kwa mimba ya miezi minne au mitano. Huwa yanakuja siku ya pili au ya tatu, na kama hakuna aliyemwambia mapema humvunja moyo kabisa. Avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, asikamue sana kwa sababu ukikamua mwili unatengeneza mengine. Akiona titi jekundu, gumu, na homa, aje.

Mwenye kundi la damu hasi aulize sindano ya anti-D, ambayo inatakiwa ndani ya saa 72. Akiikosa, mimba zijazo zinaweza kupata taabu. Wengi hurudi nyumbani haraka na huzuni zao hawaulizi.

Chakula: aliyepoteza damu anahitaji madini ya chuma. Ini, nyama, dengu, mbaazi, mchicha, na ndimu juu yake maana husaidia mwili kuyachukua. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, basi chai ije saa moja hivi baada ya kula. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na achari tupunguze kwa mwenye presha.

Na moja ambalo nitagombana na mamangu kila siku: seredani yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Gesi ya makaa haina harufu na inaua. Mkitaka kumpa joto, dirisha liwe wazi, au makaa yatolewe kabla hajalala.

Huzuni haina tarehe ya kuisha, na simwambii mtu alie kwa muda gani. Ila zikipita wiki mbili hali chakula, halali usingizi, hataki kuguswa na yeyote, au anasema afadhali angekufa, hapo mumlete. Mumlete nyinyi, kwa mkono, msimwambie tu aende.

MpwaniUghaibuni

Mimi ni wa Mkomani, naishi Marekani miaka mingi, nafanya kazi ya kuwatunza wazee. Naandika kwa sababu mambo haya yako huku pia kwa wanawake weusi wenzetu, tena mazito.

Takwimu za serikali yao za mwaka 2021: wanawake weusi 69.9 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Wanawake wazungu ni 26.6. Nchi moja, hospitali zile zile. Mtoto kufia tumboni nako ni karibu mara mbili kwa weusi. Wenyewe watakwambia kwamba wengi wao walisema "naumwa" na hawakusikizwa. Nesi, ulivyosema mwenye zamu ya jikoni ndiye anayeona mapema, huku kuna wanawake wangekuwa hai kama pangekuwa na mtu kama huyo.

Lakini sikutaka kuleta takwimu peke yake. Bibi mmoja ninayemtunza, ametoka Alabama, ndiye aliyenihadithia habari za Georgia Gilmore, kisha nikazisoma mwenyewe. Alikuwa mpishi mweusi wa Montgomery. Watu weusi walipogomea mabasi ya mji huo, kuanzia Desemba 1955, kwa siku 381, yeye alikusanya wanawake wakawa wanapika kuku, mikate na keki, wanauza kwenye saluni na mitaani, pesa inakwenda kulipia magari na petroli ya kubebea watu kazini. Kikundi walikiita Club from Nowhere, yaani kikundi kisichotoka popote. Wengi walikuwa wapishi na watumishi kwenye nyumba za wazungu, wangejulikana wangefukuzwa kazi; yeye tu ndiye aliyejua nani ametoa nini. Aliposimama mahakamani kutoa ushahidi alifukuzwa kazi yake, na Martin Luther King, kiongozi wa mgomo huo, akamtia moyo apikie nyumbani kwake. Watu wakawa wanakula jikoni kwake, King mwenyewe akiwemo.

Alifariki Machi 1990, siku ambayo alikuwa anaandaa kuku na makaroni kwa ajili ya watu waliokuja kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya weusi ya kudai haki ya kupiga kura, ya kutoka Selma hadi Montgomery. Chakula kile kile alichopika, jamaa zake waliwapa waliokuja kuzika.

Bibi yangu huyu akinihadithia alikuwa anachambua majani ya kola (collard, mboga kama sukuma wiki) mezani, mimi nasaidia. Tulikuwa tumekaa vile vile kama mimi na mamangu tukichambua mchele kwenye uteo. Alifiwa na watoto wawili wachanga ujana wake. Anasema kila mara wanawake wa kanisa walikuja wakakaa jikoni kwake wiki nzima, na hakumbuki walisema nini, anakumbuka walichopika.

KakaMatondoni

Naomba kuuliza kwa heshima, kama mwanamume anaruhusiwa humu. Mke wangu mimba ilimtoka mwaka jana. Mimi nilishinda kwenye mashua tunayoijenga nikadhani namwachia nafasi, na kusema kweli na mimi nilikuwa sijui pa kuweka uso. Wanaume tufanye nini katika hizo zamu?

BintiShela

Kaka, sisi hatukutaki jikoni kwa sababu tunataka kukaa wenyewe, tuvue mitandio, tulie. Lakini maji ni yako. Nazi, kuni, samaki asubuhi, watoto kuwapeleka skuli na chuoni (madrasa), yote yako. Na usiku wageni wakiondoka, kaa naye. Mwambie na wewe kinakuuma. Mume wangu aliniambia mara moja tu, kwa maneno matatu, na nilijihisi sipo peke yangu.

Chausiku_Malindi

Mimi nitasema tofauti kidogo, msinichukie. Niko Malindi, kwetu ni Wagiriama, mama yangu alinipikia sima na mboga ya mchunga, ule mchungu kabisa, na uji wa mtama. Vizuri. Lakini shangazi na wifi walipojaa nyumbani nilitamani kupiga kelele. Kila mmoja ana dawa yake, kila mmoja ana habari ya fulani aliyepoteza watano akapata wa sita. Nilitaka kulala, mlango ufungwe. Je, kanuni yenu ina nafasi kwa mtu kama mimi?

Na lingine: msichana ambaye hajaolewa? Huyo nani anampikia? Kwetu mtaani yuko mmoja, alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kuuza viazi vya karai barabarani kwa sababu nyumbani hawataki hata kumtazama.

MwanaLangoni

Chausiku, ahsante sana, na hakuna wa kukuchukia. La kwanza: ndiyo maana mwenye zamu ni mmoja kwa siku, si kundi. Na anayeanza ni yule aliyetajwa na mwenyewe, twamuuliza kupitia mtu wake, "ungependa nani aje?" Akisema hamtaki yeyote, twapika kwa dadake au jirani, chakula chaingia, sisi hatuingii. Siku akifungua mlango twaingia. Wenye hadithi za fulani na fulani twawaambia wazi wabaki kwao. Tumewahi kugombana na mtu mzima kwa hilo, na tulishika msimamo wetu.

La pili. Hili liliwahi kutugawa, sitaficha. Wako waliosema tukimpikia asiyeolewa tumekubali kilichofanyika. Mimi na wenzangu wengi tulisema hesabu yake na Mola wake ni yake, na damu inayomtoka ni damu. Waliokataa hawakulazimishwa, lakini zamu zake zilijaa. Mmoja wa waliokataa alikuja mwisho, usiku, na chungu cha supu. Tafuteni huyo binti wa viazi. Msimngojee aombe.

UmmuRayyan

Naongeza la dini kwa anayesitasita. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa vitani Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Na imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba akifiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake wakishakusanyika na kutawanyika, wakabaki jamaa na wendani wake, alikuwa akiamrisha chungu cha talbina kipikwe, kimiminwe juu ya tharidi (mkate uliomegwa kwenye mchuzi), awaambie wale, kwa sababu alimsikia Mtume akisema talbina huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni. Talbina ni uji wa unga wa shayiri, na maziwa, na asali. Angalieni ulikuwa unapikwa wakati gani: wageni wakishaondoka. Na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, aliyekuwa hajaacha kunyonya. Asitokee wa kumwambia mama asilie.

Shayiri hapa mjini hupatikana kwenye maduka ya nafaka, ukikosa uji wa mchele wa MwanaLangoni unatosha.

NesiWaZamu

Asali kwa mama sawa. Lakini kama ana mtoto mwingine wa chini ya mwaka mmoja, huyo asionjeshwe kabisa.

Chausiku_Malindi

Nimeongea na wenzangu wawili wa kikundi cha kanisa na mmoja wa msikitini hapa mtaani. Yule binti kesho hatauza viazi, tumenunua karai lote. Mimi ndiye wa kwanza kwenda. Niambieni, kama kinu hatuna, mchele naweza kuupeleka mashineni?

MwanaLangoni

Waweza, lakini mwambie wa mashine asiusage hadi uwe unga, aupitishe mara moja tu. Pilipilimanga twanga mwenyewe hata kwa chupa juu ya kibao. Na nazi usinunue zilizokunwa tayari sokoni, hujui zimekaa tangu saa ngapi, tui litachacha. Ukikwama niandikie pembeni wakati wowote.

Kwa wa Amu: kuna nyumba ina zamu kuanzia kesho, upande wa Wiyoni. BintiShela amesema ataanza yeye. Tunahitaji mtu wa Ijumaa na mtu wa kuchukua watoto wawili wa skuli. KakaMatondoni, hilo la watoto na maji nakuandikia wewe na mume wake muelewane. Bi Mkubwa, tutakuja kuchukua kinu baada ya alasiri.

BiMkubwa_Mkomani

Njooni wawili, kizito. Na Ijumaa niandikeni mimi.